Kibati cha Mia

Kamba ilifika miguuni pa kilima kabla ya watu. Ndivyo mambo yalivyokwenda katika nchi ile: kamba hutangulia, watu hufuata, na sababu huja mwisho ikihema. Aliyekuwa akiivuta hakuna aliyepata kumwona. Walimwita Mwenye Kamba, kwa kuwa hata hofu inataka jina la kuitiwa. Kila mahali kamba ilipopita miti yote ililala, na mahali pake ikainuka miti ya aina moja, imenyooka, imejipanga, hata ukisimama mwanzo wa mstari unaona mti mmoja tu, mingine yote imejibana nyuma yake kama mashahidi waliohongwa. Ndege walishuka kuangalia, wakakosa hata cha kugombania, wakaondoka. Siku za kule nazo zilipoteza sura. Jumanne ilikuwa Jumanne na kesho yake Jumanne, na mtu aliyezaliwa huko alizeeka bila kujua ni lini alikuwa kijana, maana hapakuwa na mti wa kupukutisha majani wakati huu na kuchanua wakati mwingine, hata apate kusema: basi, ule ndio ulikuwa wakati wangu.

Kwenye kilima siku zilikuwa bado zimechanganyika kama nafaka kwenye ungo. Mti mmoja ulikuwa kwenye kiangazi, jirani yake alikuwa kwenye masika, na katikati yao njia ilipita ambayo ukiifuata bila haraka ungeweza kukutana na mwaka jana, amekaa, anachambua mboga. Naetwe aliijua njia hiyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa mwandishi wa vibati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Debe la mafuta likishaisha mafuta hukatwa vipande vya upana wa kiganja, kisha herufi hutobolewa kwa ncha ya msumari, tundu kwa tundu, mpaka jina la mti lisomeke hata likipigwa mvua miaka kumi. Naetwe alikuwa amemaliza darasa la saba, na juu kule darasa la saba lilitosha kumulikia kijiji kizima. Chama cha Aina Mia kilimpa nyundo, msumari na heshima.

Chama hicho kilizaliwa siku Mwenye Kamba alipotuma neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi: nionyesheni aina mia za miti ya asili ya kilima hicho, kamba yangu itazunguka, ikipungua hata moja, itapita. Kwa nini mia, hakuna aliyeuliza. Mwenye nguvu haulizwi kwa nini, anaulizwa lini. Akasema lini. Na lini ile ilikuwa inakuja, ingawa kwenye kilima kile siku ziliweza kuja mgongo mbele.

Mwenyekiti wa Chama, Mzee Semboja, alikuwa mtu mwema. Ni lazima lisemwe mapema, maana watu hupenda kudhani kwamba ubaya huletwa na wabaya. Kila Jumamosi aliwapandisha watu msituni, akawafumbisha macho, akawaambia waguse gome, wanuse jani, wasikilize. Watu wazima walitoka pale wanalia, wanasema hawakujua. Mzee Semboja naye akilia pamoja nao. Akawa anasema, "Mtu hawezi kukipenda asichokijua jina." Naetwe aliposikia hivyo mara ya kwanza moyo wake uliitika. Mara ya pili aliitika kwa kichwa. Mara ya tatu alianza kutazama chini.

Maana vibati vya kwanza aliviandika kwa upendo, na upendo una mdomo mpana. Aliandika jina, na chini ya jina akaandika faida. MNINGA, mbao yake hailiwi na mchwa. MZAMBARAU MWITU, gome lake hutuliza tumbo. Aliona ni vizuri watu wajue. Watu wakajua. Mninga ule haukumaliza mwezi. Mzambarau ulichunwa gome mpaka kiunoni, ukasimama uchi mbele za watu, ukaanza kufa kutokea juu. Chama kikaketi. Kikaamua vibati visiwe na faida, viwe na jina na namba tu, na juu ya njia Naetwe akaandika ubao mkubwa: MTI WENYE KIBATI USIGUSWE. Wote walisifu mwandiko. Hakuna aliyeona kwamba sheria ile ilikuwa na mgongo, na mgongoni mwake pameandikwa neno jingine lisilohitaji herufi: usio na kibati, halali yako.

Aina moja, kibati kimoja. Mvule mmoja ukapigiwa kibati, na mivule mingine yote, ndugu zake wa tumbo moja, ikawa nguzo. Mtalawanda mmoja ukapigiwa kibati, iliyobaki ikawa mipini. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwaka baada ya mwaka, au mwaka ule ule ukijirudia, kilima kilibaki na mti mmoja wa kila aina, kila mmoja umesimama peke yake juani na bati kifuani, kama mjane anayetunzwa ili aonyeshwe wageni. Mzee Semboja aliwapandisha watu kama kawaida. Sasa hawakuhitaji kufumba macho. Hapakuwa na kelele ya kuwazuia kusikiliza.

Miti tisini na tisa.

Na Naetwe alijua wa mia ulipo.

Ulikuwa nyuma ya chemchemi, kwenye bega la kilima ambako jua hufika limechoka. Mwembamba, hauna sura ya kusimamisha mtu. Mama yake ndiye aliyempeleka pale, siku Naetwe alipokuwa na miaka saba, au siku mama alipokuwa na miaka saba, maana mahali pale palikuwa na tabia ya kuwachanganya. Alimshika mkono akaulaza kwenye gome, akamnong'oneza jina. Kisha akasema, "Jina hili usilitaje mbele ya mtu anayeuliza mti huu unafaa nini." Mama alikwisha kufa. Jina lilibaki na kinywa kimoja tu duniani, na kinywa hicho kilikuwa kimefungwa. Hata hapa halitatajwa.

Mwaka ule mti ulishika matunda, mara ya kwanza tangu Naetwe apate akili: madogo, mabichi, magumu kama vifungo vya shati. Miezi miwili mingine yangekuwa mbegu.

Usiku hakulala vizuri, mchana hakukaa vizuri. Niseme? Nikisema, kesho una kibati. Kesho kutwa una wageni. Mtondo una alama za visu. Nisiseme? Nisiposema, kamba inapita, na kamba haisomi. Kitu kisichojulikana jina, kipo? Kipo, nimekigusa. Na kikishajulikana, kipo kwa ajili ya nani? Mama hakunijibu hilo. Mama alinipa jina akaniachia mzigo. Labda ndivyo mtu anavyorithishwa: unapewa kitu, hupewi mahali pa kukiweka.

Siku moja kabla ya Siku ya Kuhesabiwa, wanachama walikutana kwenye banda la kitalu. Mzee Semboja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia magotini.

"Tisini na tisa," alisema. "Mwaka wa ngapi huu tunasema tisini na tisa?"

"Inategemea unaanzia upande gani wa kilima, mzee," mmoja alijibu.

"Msinitanie jamani. Kesho Mhesabu wa Mwenye Kamba anakuja."

"Aje tu," alisema Mama Shekolowa, mpishi wa Chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha mto. "Tukipungukiwa tutamsimamisha Naetwe pale, tumpigie bati kifuani. Asili ya kilima hiki, haongei, hazai matunda, kivuli chake mwenyewe anakibana. Nani atajua si mti?"

Banda lote likacheka. Mama Shekolowa alikuwa mtu wa bondeni, Naetwe mtu wa mgongoni, na watu wa bondeni na wa mgongoni ni watani tangu babu wa babu zao walipoibiana ng'ombe wakamaliza kesi kwa kucheka. Mtani akikutukana unashukuru. Mtani akichukua kitu chako kimekwenda, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Afadhali mimi mti," Naetwe alisema. "Wewe wakikupigia bati itabidi wafunge debe zima."

"Haya! Kasema! Leo mvua!" Mama Shekolowa akapiga makofi. "Lakini kweli, nyie watu wa mgongoni wachoyo. Mnaficha mpaka kivuli. Chunguza moyoni mwako mtani, hakuna kamti umekalia huko?"

Watu walicheka tena. Naetwe alicheka pia, kwa kuwa ndiyo desturi. Mzee Semboja hakucheka. Alimtazama, mara moja, kwa upole mkubwa. Halafu akatazama kofia yake.

"Mwanangu," alisema, "kama yupo anayejua, hata ajue nusu, kesho asubuhi bado hajachelewa."

Neno hilo lilimfuata nyumbani. Mawazo yake yalikwenda na kurudi juu ya njia moja mpaka njia ikachimbika, na kulipokucha alijikuta ameshika nyundo. Alikata debe. Alitoboa tundu kwa tundu, polepole, jina alilonong'onezwa na mama yake, na chini yake namba 100. Ni ajabu jinsi siri ilivyo fupi ikiandikwa. Akakifunga kibati kwenye pindo la khanga, akashika njia.

Njia siku hiyo ilikuwa ndefu. Alipita penye utoto wake, msichana anateka maji, hakugeuka. Alipita penye mgongo wa mama yake, unakwenda mbele yake, khanga ile ile, akaongeza hatua ili amfikie amwambie nimeamua. Kila alipoongeza hatua mgongo ulipungua mwaka mmoja, mpaka ukawa mgongo wa mtoto, mpaka ukawa njia tupu. Akafika chemchemi. Akazunguka jiwe.

Palikuwa na mwanga mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga.

Kisiki kilikuwa kifupi, kimekatwa kwa panga, mapigo mengi, mapigo ya mtu asiye fundi. Utomvu ulikuwa bado unapanda, haujapata habari. Matunda mabichi yalikuwa yametapakaa kwenye majani, mengine yamekanyagwa. Naetwe aliokota moja akalipasua kwa kucha. Ndani palikuwa na maji tu. Mbegu haijaamua kuwa mbegu.

Alifuata vipande vya magome vilivyodondoka njiani, mpaka nyuma ya banda la kitalu, palipokuwa na mafiga matatu na sufuria kubwa la wali wa Siku ya Kuhesabiwa. Moshi ulikuwa mwepesi, una harufu ambayo pua yake haikuwahi kuijua na mara ikaijua.

"Karibu mtani!" Mama Shekolowa alisimama, mwiko mkononi, jasho usoni. "Leo kuni zimenipenda! Kamti kamoja nyuma ya chemchemi, kabichi kabisa, lakini kana mafuta, kanashika moto kama kamelewa. Nyie mmekaa na kitu kama hiki hamsemi? Si nilisema wachoyo?"

"Nani alikuruhusu?" Naetwe aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Wewe." Mama Shekolowa alicheka. "Nimekazunguka mara mbili, nimekapapasa kama natafuta chawa. Hakuna bati. Nikasema, mtani wangu na mwandiko wake mzuri ameshanipa ruhusa kwenye ubao."

Naetwe alifungua pindo la khanga. Mama Shekolowa hakujua kusoma majina, ila namba alizijua. Aliitazama namba ile. Mwiko ulishuka mpaka ukagusa goti lake.

"Hiyo ya wapi?"

"Ya mti huo."

Moto ulipasuka mara moja, kisha ukaendelea.

Mtani haombi radhi. Hana njia hiyo. Desturi haikumchongea mlango huo. Msibani kazi yake ni kuchekesha, alale mahali pa maiti, amlilie marehemu kwa matusi mpaka wafiwa wacheke. Mama Shekolowa alijua kazi yake. Alifunika kichwa, akajitupa chini kando ya mafiga, akapaza sauti: "Uuwii! Marehemu umeondoka bila kuaga! Sasa Naetwe atakalia nini! Nani atafichwa! Mchoyo umemwacha mchoyo mwenzio na nani!" Kilio cha utani kina mwisho wake unaojulikana: mliaji huchungulia chini ya khanga, aone kama mfiwa amecheka. Alichungulia. Naetwe alitaka kumsaidia. Alitafuta kicheko, hata kidogo, hata cha kuazima, hakukiona. Mama Shekolowa akarudisha khanga usoni, na kilio kikaendelea, ila maneno yalikuwa yameisha.

Mzee Semboja alikuja mbio aliposikia sauti. Naetwe alimweleza kwa sentensi mbili.

Kwanza uso wake ulimeremeta. Hakuweza kuuzuia. "Ipo? Aina ya mia ipo?"

"Ilikuwepo."

"Iko wapi?"

"Chini ya sufuria, mzee."

Alivua kofia. Aliikunja, akaikunjua. Kutoka chini ya kilima filimbi ya Mhesabu ilisikika ikivuka mto, na nyuma ya filimbi mkwaruzo, kamba ikiburuzwa kwenye mawe.

"Kisiki kipo?" aliuliza.

"Kipo."

"Kisiki ni mti. Kwa namna fulani. Kina mizizi." Hakuwa anamwangalia. "Kuna mingine tisini na tisa, mwanangu. Kipigie kibati. Nikikipigia mimi, msumari utapinda."

Naetwe alisimama pale na nyundo. Niliuficha ukafa. Nauonyesha umekufa. Kwa hiyo palikuwa na siku, katikati ya jana na leo, siku moja nyembamba kama karatasi, ambayo ningesema na ungepona? Ilipita lini? Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nacheka bandani. Akaenda. Akapiga magoti. Msumari uliingia kwa urahisi mno, kuni mbichi haina ubishi, na utomvu ukachuruzika juu ya herufi ambazo alikuwa amezitoboa vizuri kuliko zote maishani mwake.

Mhesabu alikuja. Alikuwa na uso ambao ukigeuka tu umeusahau, na fimbo. Alipita kwenye kila mti akagusa kibati kwa ncha ya fimbo, ka, ka, ka, midomo ikitembea. Macho yake hayakupanda juu ya bati hata mara moja. Mvule ulikuwa unachanua, hakuona. Mzambarau uliokauka ulihesabiwa, nao una bati. Chama kizima kilimfuata kimya, kama watu wanaosindikiza jeneza wasilojua limebeba nani. Penye chemchemi aliinama kidogo, kwa kuwa bati lilikuwa chini.

Ka.

"Mia," alisema.

"Bwana Mhesabu," Naetwe alisema, na watu wote wakamgeukia kwa hofu. "Huo umekatwa leo. Huo ndio ulikuwa wa mwisho. Soma jina lake basi."

Mhesabu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesemeshwa na kiti. "Mimi nimetumwa kuhesabu vibati," alisema. Akapuliza filimbi. Chini kule kamba ilisita, ikajikunja kama nyoka aliyeshiba, ikaanza kuzunguka kilima.

Watu walikumbatiana. Walirukaruka, walipiga vigelegele, mzee mmoja alikumbatia mkuyu akaubusu juu ya bati. Na katikati ya furaha ile mtu mmoja, sauti ya kawaida tu, wala si mwovu, akasema, "Kumbe vibati vinatosha."

"Nyamaza," alisema Mzee Semboja.

Lakini alichelewa kusema. Alichelewa kwa muda wa pumzi moja, na ndani ya pumzi hiyo Naetwe aliyaona macho ya mtu mwema yakipanda polepole kwenye shina la mvule, kutoka kwenye bati kwenda juu, yakipima.

Chakula kilipakuliwa. Kwa kawaida Mama Shekolowa humtupia mtani wake sahani kutoka mbali, akimwambia ale haraka kabla mbwa hawajaona. Siku ile alikuja kwa miguu yake. Alimwekea sahani mbele, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Kula, dada," alisema.

Naetwe alisubiri. Alisubiri tusi, hata dogo, hata la jana lililopashwa moto.

"Nitukane basi," alisema.

Mama Shekolowa alikaza khanga kiunoni. Macho yake yalikuwa kwenye sahani.

"Chumvi imekolea?" aliuliza.

Naetwe alimega tonge. Alikuwa hajala tangu jana. Wali ulikuwa umeiva punje kwa punje, una harufu ya moshi ule.

"Imekolea," alisema.